Nusu saa kwa mshauri mwandamizi wa kitaaluma: huduma hii inakupa nini hasa?

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huijua ofisi ya mshauri wa kitaaluma kwa jambo moja: kufunguliwa usajili. Mfumo umemfungia mtu, anapanga foleni, anatolewa kizuizi, anaondoka. Kwa matumizi hayo huduma haina thamani kubwa, kwa sababu kazi hiyo ingefanywa na yeyote mwenye nywila. Tunachopima hapa ni kile kinachopaswa kufanyika ndani ya ile nusu saa, hasa pale mezani anapokaa mshauri mwandamizi. Huyu ndiye anayepelekewa faili zilizowashinda wenzake: wanafunzi walio ukingoni kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, waliohamia kutoka chuo kingine na krediti zao (vipimo vya uzito wa kozi) bado hazijatambuliwa, waliobadili programu mwaka wa tatu, waliorejea baada ya kuahirisha masomo.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Ni huduma bora sana kwa anayekuja na swali wiki ya tatu ya muhula, na ni dhaifu kwa anayekuja wiki ya usajili. Mshauri ni yuleyule na ofisi ni ileile. Kinachobadilika ni muda alionao wa kupiga hesabu.

Muda wenyewe ni huu. Mshauri mwenye wanafunzi 300 akimwona kila mmoja mara mbili kwa muhula, nusu saa kila mara, tayari ametumia saa 300. Ongeza dakika 10 za kusoma faili kabla ya mwanafunzi kuingia na dakika 10 za kuandika kumbukumbu akishatoka, ni saa 200 nyingine. Muhula wa wiki 15 kwa saa 40 una saa 600. Zinabaki 100 za barua pepe, vikao, wanaobisha hodi bila miadi na kuwafundisha washauri wapya. Hesabu hiyo inakubali iwapo tu wanafunzi watajigawa sawasawa kwa wiki zote 15, nao hawajigawi hivyo. Zaidi ya nusu wakijazana katika wiki mbili kabla ya usajili, kitu cha kwanza kukatwa ni zile dakika 10 za kusoma faili, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Kwa hiyo mtu akituuliza aweke miadi lini, tunamjibu kati ya wiki ya tatu na ya sita. Matokeo ya muhula uliopita yameshaingia, majaribio ya kwanza yamefanyika au yanakaribia, na mlango wa kujitoa kwenye kozi kwa kawaida bado uko wazi.

Sasa tuingie kwenye kiini, maana hapa ndipo mshauri mjuzi anapotofautiana na mshauri mpole. Chukua mwanafunzi kwenye mfumo wa 4.0 (A ni 4, B ni 3, F ni 0) aliyemaliza krediti 30 akiwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 1.7, na chuo kinadai 2.0 ili abaki. Pointi zake, yaani krediti mara GPA, ni 51. Akichukua krediti 15 muhula ujao atakuwa na krediti 45, ambazo kwa 2.0 zinadai pointi 90. Anapungukiwa pointi 39, kwa hiyo anahitaji wastani wa 2.6 katika muhula huo. Mshauri mgeni kazini, kwa huruma, humwambia apunguze mzigo achukue krediti 9. Huruma hiyo ina gharama: kwa krediti 9 anahitaji 3.0, yaani B katika kila kozi. Kwa krediti 12 anahitaji 2.75. Jibu sahihi si moja. Aliyeelemewa anaweza kweli kupata B tatu na asiweze kupata B- tano. Lakini namba hizo tatu ziandikwe kwenye karatasi mbele yake, naye achague akizijua. Mwanafunzi akitoka na maneno "jitahidi zaidi muhula huu" bila namba hata moja, hajahudumiwa.

Mpeleke mwanafunzi huyohuyo hadi krediti 90, GPA ikiwa bado 1.7. Ili afike 2.0 kwa krediti 15 zinazofuata, anahitaji 3.8. Bidii yake haijapungua. Ni uzito wa krediti zilizokwisha kukaa nyuma yake ndio unaomvuta. Ndiyo maana tunaipa huduma hii alama za juu kwa mwaka wa kwanza na tunakuwa wagumu kwayo mwaka wa tatu: kesi ileile, ikichelewa, haina tena dawa ya muhula mmoja, na mshauri mwaminifu analazimika kusema hivyo waziwazi na kuweka mpango wa mihula miwili au mitatu, kama kanuni za chuo zinauruhusu.

Halafu kuna kurudia kozi. Mwanafunzi amepata F kwenye kozi ya krediti 3, akairudia akapata B. Katika chuo kinachofuta alama ya zamani, GPA inahesabu pointi 9 kwa krediti 3. Katika chuo kinachochanganya zote mbili, ni pointi 9 zilezile kwa krediti 6. Tofauti ni kubwa, na mshauri aliyehama chuo kimoja kwenda kingine hukosea hapa mara nyingi kwa kutumia kanuni ya alikotoka. Swali la kumuuliza ni fupi: F yangu inaondoka kwenye hesabu, au inabaki?

Kipimo kingine husahaulika kabisa, nacho ni uwiano wa krediti ulizojaribu na ulizofaulu. Marekani, mwanafunzi anayepokea fedha za masomo za serikali kuu hatakiwi kuzidisha asilimia 150 ya urefu wa programu yake, na vyuo vingi hulinda mpaka huo kwa kudai afaulu walau asilimia 67 ya krediti anazojaribu. Tazama inavyomnasa mtu. Mwaka wa kwanza kajaribu krediti 30, kafaulu 24, hiyo ni asilimia 80, hana wasiwasi. Muhula wa tatu anajisajili krediti 15, anajitoa kwenye kozi mbili za krediti 3 baada ya kupita tarehe ya kuziondoa bila kuacha alama kwenye rekodi, anafeli moja, anafaulu mbili. Sasa ana 30 kati ya 45, asilimia 66.7. Ameanguka chini ya mstari, ilhali wale waliomshauri ajitoe walimwambia kweli tupu: herufi W, inayoandikwa kwa kozi uliyojitoa, haishushi GPA. Haishushi, lakini krediti zake zinabaki kwenye hesabu ya alizojaribu. Kabla mshauri hajasema "jitoe", anapaswa kuwa ameangalia vitu vitatu: GPA, uwiano huu, na kama mwanafunzi atabaki na mzigo kamili, ambao Marekani kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula. Kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1, kushuka chini ya mzigo kamili bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ni suala la uhamiaji, si la masomo tu. Mshauri mwandamizi hapaswi kulibahatisha. Ananyanyua simu.

Mnyororo wa kozi tangulizi ni eneo la pili ambapo huduma hii inastahili bei yake. Kwenye shahada za uhandisi, hesabu na sayansi, kozi moja hufungua ya pili, ya pili ikafungua ya tatu, na kadhalika hadi mwaka wa mwisho. Tatizo halionekani kwenye orodha ya kozi. Linaonekana ukiandika pembeni ya kila kozi muhula inapofundishwa. Kozi inayofundishwa muhula wa kwanza pekee, ukiifeli, hukugharimu mwaka mzima badala ya muhula. Ikiwa ni ya pili katika mnyororo wa kozi tano, mahafali yako yamesogea mwaka, hata kama kozi nyingine zote umefaulu. Mshauri mzuri huuchora mnyororo huo kuanzia mwisho kurudi nyuma: anaanza na mradi wa mwaka wa mwisho, anauliza unahitaji nini, hicho nacho kinahitaji nini, mpaka afike muhula huu. Kuchora kuanzia mbele ni rahisi zaidi na ndiko kunakoficha pengo. Kazi hiyo haizidi dakika 8 kwa anayeijua programu, na tunaihesabu kuwa kitu chenye thamani kuliko vyote mtu anavyoweza kutoka navyo mle ofisini.

Mzigo nao upimwe kwa saa, maana krediti peke yake haimwambii mwanafunzi chochote. Kwa kanuni ya kawaida ya Marekani, krediti moja ni saa moja darasani na mbili nje ya darasa kila wiki. Krediti 15 ni saa 45. Anayefanya kazi ya kibarua saa 25 kwa wiki amejipangia saa 70 kabla ya kula na kulala. Katika ECTS, mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo muhula wa krediti 30 ni saa 750 hadi 900. Mwanafunzi anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine asikubali krediti zake zihesabiwe kwa namba tupu. ECTS 6 si krediti 6 za Marekani. Mara nyingi hutambuliwa kama 3.

Programu za kompyuta zinazokagua shahada, kama Degree Works ya Ellucian au uAchieve ya CollegeSource, ni msaada mkubwa. Zinaonyesha mahitaji yaliyotimia na yaliyobaki, na zina sehemu ya kujaribu "ningebadili programu ingekuwaje". Tunazipenda, na tunasisitiza zisiaminiwe peke yake, kwa sababu zinasema kweli kwa kadiri ya kilichoingizwa. Makosa yanajirudia kwa namna ileile. Mwaka wa mtaala umewekwa vibaya, mwanafunzi anapimwa kwa mahitaji ya kundi lililomfuata. Kozi ya kuhamia, yaani iliyosomwa chuo alikotoka, imeingizwa kama ya kuchagua, ilhali ni sawa kabisa na kozi ya lazima. Kozi zinazoendelea zinahesabiwa kana kwamba zimeshafaulu, mstari unang'aa kijani mpaka matokeo yatoke. Mkuu wa idara alikubali kozi mbadala kwa barua pepe, lakini hakuna aliyeiingiza. Na mahitaji mawili ya chinichini, idadi ya krediti za ngazi ya juu na idadi ya krediti ambazo lazima zisomwe chuoni hapo, huwa mwishoni mwa ukurasa ambako wachache hufika. Mtu anaweza kuwa na krediti 120 zote za shahada ya miaka minne asihitimu kwa upungufu wa krediti 3 za ngazi ya juu.

Ukaguzi wa mkono ufanyike angalau mara mbili: mwanafunzi anapofikisha nusu ya krediti, na mihula miwili kabla ya kuhitimu. Kuufanya muhula wa mwisho ni kuchelewa, kwa sababu kozi iliyokosekana inaweza isifundishwe muhula huo.

Kuna mambo ambayo huduma hii haiwezi kukupa, na lawama nyingi tunazozisikia zinatokana na kutoyajua. Mshauri, hata akiwa mwandamizi, kwa kawaida hana mamlaka ya kusamehe kozi tangulizi, kubadili alama, au kurudisha aliyeondolewa. Hayo ni ya mhadhiri, mkuu wa idara, kamati au mkuu wa kitivo. Anachoweza ni kukuonyesha mlango sahihi na kukusaidia kuandaa ombi linalosomeka. Mshauri anayeahidi "hilo litapita tu" anakudhuru. Mwanafunzi huacha kujiandaa, na jibu likija hapana, tarehe ya kukata rufaa imeshapita.

Barua ya kuomba kurudishwa masomoni ina sehemu nne, na mpangilio wake una sababu. Nini kilitokea, kwa tarehe. Ushahidi wake: cheti cha hospitali, cheti cha kifo, barua ya mwajiri. Nini kimebadilika tangu hapo. Mpango wa muhula ujao, kozi kwa kozi, pamoja na GPA inayohitajika. Sehemu ya kwanza huandikwa kurasa mbili, ya tatu mistari miwili. Inatakiwa iwe karibu kinyume chake. Kamati haishindani na msiba wako. Inataka kujua kwa nini muhula huu hautafanana na ule. Kama mwanafunzi aliugua na bado anaugua, ushauri wa kweli mara nyingine ni kuahirisha, si kurudi.

Mwaka 1972 Terry O'Banion alipanga ushauri wa kitaaluma katika hatua tano: malengo ya maisha, malengo ya kazi, kuchagua programu, kuchagua kozi, kupanga ratiba. Ofisi zilizoelemewa huanzia hatua ya tano na kuishia hapo. Tunalielewa hilo wiki ya usajili. Hatulikubali kwa mwanafunzi anayefeli kozi zilezile za msingi kwa mara ya pili. Kumpangia mtu huyo ratiba nzuri zaidi ya kozi zisizomfaa si msaada. Swali ni kama programu yenyewe ni yake au ni ya wazazi wake, na haliulizwi hivyo ana kwa ana. Linalofanya kazi ni la kando: kozi ipi muhula huu umeisoma bila kulazimishwa? Kisha mshauri anyamaze. Sekunde kumi za ukimya ni nyingi kwa anayetazama saa, lakini jibu la kweli mara nyingi huja baada ya lile la kwanza la adabu.

NACADA, chama cha washauri wa kitaaluma kilichoanzishwa Marekani mwaka 1979, hugawa ujuzi wa kazi hii katika mafungu matatu: dhana, taarifa na mahusiano. Mafunzo ya washauri wapya yanajaa fungu la taarifa, na ni haki, kwani kanuni ni nyingi. Upungufu huonekana siku mwanafunzi anapoanza kulia katikati ya mazungumzo ya ratiba. Mshauri si mtaalamu wa afya ya akili na asijifanye. Kazi yake ni kumkabidhi mtu kwa mtu: kupiga simu ofisi ya unasihi mwanafunzi akiwa bado amekaa hapo, kupata jina na saa, na ikibidi kumsindikiza. Kumpa kipeperushi chenye namba ya simu ni sawa na kutompa kitu. Akitaja kutaka kujidhuru, miadi inayofuata inasubiri na ratiba inasubiri. Utaratibu wa dharura wa chuo unaanza papo hapo, na mwanafunzi haachwi peke yake.

Kuhusu namna za kuhudumiwa, miadi ya nusu saa ndiyo tunayoipendekeza kwa kila kilichotajwa hapo juu. Kubisha hodi bila miadi kunafaa kwa swali la dakika tano: fomu, tarehe, saini. Ushauri wa kikundi, watu 10 hadi 15 wa programu moja na mwaka mmoja, unatosha kabisa kwa walio kwenye mstari, na ofisi ikiutumia vizuri inakomboa saa kwa wenye kesi nzito. Barua pepe tunaipa alama ndogo kwa jambo lolote linalohusu kuacha au kurudia kozi, kwa sababu jibu lake linahitaji faili zima.

Mwisho, kumbukumbu, ambazo kwetu ndizo kipimo cha huduma nzima. Mshauri ataugua, atahama, atapandishwa cheo. Kinachobaki ni maandishi. Kumbukumbu mbaya inasomeka hivi: "Kaja kuhusu kozi. Hajitumi. Nimemshauri." Haimsaidii anayefuata, na ina hukumu ndani yake. Marekani, chini ya FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za masomo, mwanafunzi ana haki ya kuomba kuona rekodi zake za masomo, kwa hiyo kila sentensi iandikwe kana kwamba ataisoma. Magonjwa, uvumi na mambo ya familia yasiyohusu uamuzi hayana nafasi hapo. Kumbukumbu nzuri ni mistari minne: "Krediti 30, GPA 1.7, uwiano 80%. Tumepiga hesabu ya krediti 9, 12 na 15. Amechagua 12, lengo 2.75. Anarudia Hesabu I muhula huu, kwa kuwa haifundishwi muhula ujao na ndiyo inayofungua Fizikia II. Yeye: kuonana na mhadhiri kabla ya Ijumaa. Mimi: kuuliza idara kuhusu kozi yake ya kuhamia, jibu kabla ya tarehe 14." Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, mwombe mshauri akusomee alichoandika. Kama kuna tarehe mbili na majina ya wahusika, umepata ulichokifuata. Kama hakuna, bado mna dakika tatu.